Ukubwa wa Shangazi Wapimwa kwa Taya

Mpiga picha za eksirei wa kliniki ya meno alikuwa na maradhi mamoja tu: mdomo. Si kwamba uliuma, la. Haukuwa na breki. Kwa miaka ishirini na miwili aliwaegemesha watu kidevu kwenye mashine, ikawazunguka kichwa, na picha ikitoka tu, huyo anaanza. "Unaona kifundo hiki hapa mbele ya sikio? Hicho ndicho kichwa cha taya. Cha kijana ni mviringo, cha mzee kimelala bapa. Cha mwanamume kikubwa, cha mwanamke kidogo. Mimi nikikitupia jicho tu nakutajia umri na jinsia, sina haja ya fomu." Fomu alikuwa ameshaisoma, lakini hilo hakulisema. Mtaani wakambandika jina la Profesa Mifupa, naye akawa anaitika bila haya.

Aliishi na shangazi zake wawili, waliomlea tangu alipofiwa na wazazi. Shangazi Funguo alishika funguo za stoo kwa madai kwamba yeye ndiye mkubwa. Shangazi Miwani alifungua barua zote za nyumba kwa madai yaleyale. Vyeti vya kuzaliwa hawakuwa navyo, na mama yao alikwenda zake bila kuacha maelezo. Basi walibishana asubuhi wakinywa chai, wakapumzika mchana, wakaendelea jioni. Ukikaa nao unazoea, kama redio ya jirani.

Mpaka siku Shangazi Funguo aliposema mbele ya wageni, "Mdogo wangu, hebu wapishe wakubwa kiti." Loo! Shangazi Miwani aliingia chumbani akaanza kukunja nguo. "Jumamosi naondoka," alisema. "Siwezi kuzeeka huku naitwa mtoto."

Nyumba yenye shangazi mmoja Profesa Mifupa hakuwahi kuijua, na hakutaka kuijua.

"Kwani hatuna mtaalamu humu ndani?" akauliza Shangazi Funguo. "Taya langu linalia ka! nikitafuna. Naenda kupigwa picha. Mifupa ndiyo itakayosema nani mkubwa."

"Langu linalia zaidi," akadakia Shangazi Miwani, ambaye taya lake halikuwahi kulia. Lakini kesho yake, alipoachama mbele ya daktari wa meno, likalia kwelikweli, mwenyewe akaruka kitini. Daktari, mama asiyependa maneno mengi, akaagiza wote wawili wapigwe picha.

Profesa akawapiga, akazifungua picha kwenye kioo cha kompyuta, na hapo maneno yakamkauka. Picha ya Shangazi Miwani ilikuwa na kifundo chenye ncha, ambacho hakikuwa kwenye hotuba yake hata kidogo. Na ya Shangazi Funguo, mama wee!

"Sema basi!" akahimiza Shangazi Funguo.

"Shangazi," akamwambia, "upande wa kulia wewe ni mwanamume. Wa miaka kama thelathini."

"Mwanamume nani?"

"Na upande wa kushoto ni bibi kizee wa miaka tisini."

Shangazi Miwani alicheka mpaka akashika mbavu. "Tisini! Haya dada, chukua ukubwa wako, nimekuachia!"

"Tisini wewe! Mkubwa ni wewe, tangu zamani nalijua hilo!"

"Siutaki! Ulisema ni wako!"

Ukubwa ulioanza kugombaniwa kabla Profesa hajazaliwa sasa ulirushwa huku na huku kama kaa la moto. Daktari akaingia kuona nani anachinjwa.

"Nani aliwaambia taya ni cheti cha kuzaliwa?" akauliza, akimwonyesha Shangazi Funguo. "Huyu kapoteza magego, anatafunia upande mmoja, mfupa umejigeuza kwa kazi. Umri na jinsia vina mchango wake, ndiyo. Ukipanga picha za watu elfu utaona. Lakini kwa mtu mmoja? Kuna kifundo cha mviringo, kuna bapa, kuna chenye ncha, na wenye navyo wote ni wazima." Kisha akamgeukia mpiga picha wake. "Na wewe, hili umekuwa ukiwaambia wagonjwa wangu?"

Profesa alitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani shangazi hawakumpa nafasi ya kuvua viatu. "Jumamosi iko palepale," alisema Shangazi Miwani. "Amua. Nani mkubwa?"

"Amua," alisema Shangazi Funguo.

Aliwatazama. "Sijui," akasema. Neno hilo halikuwahi kumtoka humo ndani. "Sijui, na sijawahi kujua. Nilikuwa nasoma fomu. Ninachojua ni kwamba usiku nilipolia mlikuja wote wawili. Akiondoka mmoja, mimi nitakuwa yatima mara ya pili, na uzee huu!" Na kweli machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake.

Shangazi wakatazamana.

"Uzee gani?" akauliza Shangazi Miwani. Akamsogelea, akambandika kidole mbele ya sikio la kulia. Shangazi Funguo akambandika chake mbele ya la kushoto.

"Achama," wakamwambia. "Funga. Achama tena."

Wakasikiliza kwa makini, vichwa vimeinama.

"Mtoto," alisema Shangazi Funguo.

"Mtoto mdogo kabisa," alisema Shangazi Miwani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyebisha.