Aliandika "Nimerekebisha" Tu, Simu Ikaniletea Kifo cha Ndugu Yangu

Admin, nifiche jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, naishi mtaa wa Lindi, Kibera, hapa Nairobi, na ndiye niliyeunda ile programu ya simu ya chama chetu cha mazishi.

Haya, hapo kwa kuunda programu ni uongo. Mimi hugonga mabati nikatoa jiko, na shule niliiacha kabla haijaniacha. Lakini kuna kitu kimoja kwa hiyo programu kilitoka kichwani mwangu, na hicho ndicho kinaninyima raha. Siketi mahali pamoja. Juzi nimegonga jiko likatoka na mdomo wa upande kama wa mwenyekiti wetu.

Chama kina watu wa Kibera na wa Kawangware. Mtu akifa, katibu anaandika kwa kompyuta na kila mwanachama anapata meseji. Vijana wawili wanaitengeneza kwa kujitolea: Mwende yuko Kawangware, Otis yuko huku kwetu. Hayo si majina yao. Hawaonani sana, kwa hivyo kila mmoja akibadilisha kitu anaacha maelezo mafupi ya alichofanya, ili mwenzake akifungua aelewe. Wao wanaita commit.

Mwaka jana nilisimama mkutanoni nikasema, "Kwetu kifo hakipigiwi filimbi. Kinaletwa na mtu. Anaketi, anaomba maji ya kunywa, ndipo anasema. Hiyo simu yenu ingoje wa nyumbani waambiwe kwanza." Nikapigiwa makofi, na mimi napenda makofi. Mwende akaweka kizuizi: meseji isitoke mpaka katibu abonyeze kwamba familia imeambiwa. Kazi safi. Kwa maelezo akaandika neno moja tu, "Nimerekebisha."

Umerekebisha nini, mama? Kwa nini? Hata mimi nikiuza jiko namwambia mteja asishike wapi, na ataungua vipi akishika.

Otis hakuwa kwa ule mkutano. Watu walipoanza kulalamika eti matangazo yanachelewa, akafungua, akaona kizuizi, akatafuta sababu, akapata "Nimerekebisha." Akafikiri ni kitu kilisahaulika hapo. Akakitoa.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa akiishi Kawangware. Mchana mmoja niko kazini, namsimulia Mama Chapati, jirani yangu, hadithi ya mbuzi aliyeingia kanisani. Nimefika pale mbuzi anapanda madhabahuni, simu ikalia. Nikamwambia, "Ngoja, hawa ni watu wa mikopo, wananipenda sana." Nikasoma. Lilikuwa jina la ndugu yangu, na neno marehemu mbele yake.

Katibu alikuwa njiani kuja kuniambia, akijua meseji imezuiwa. Alinikuta nimeshika simu. Maskini, aliketi vilevile, akaomba maji. Nikampa. Akanywa yote, akanirudishia kikombe.

Na kule Kawangware, shemeji yangu alianza kupigiwa simu za pole kabla hata hajamfunika mumewe.

Sasa Jumapili chama kinataka kumtoa mmoja wa hao vijana, na wamesema mimi mfiwa ndiye nitaamua. Mwende, ambaye huniita Guka, yaani babu, alinipigia akilia, "Guka, mimi niliweka. Si mimi nilitoa!" Otis alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. "Mzae, hakuna mahali imeandikwa ni ya nini. Ningejua singegusa, haki." Nikamwambia atoke kabla sijampima kichwa kwa nyundo. Kisha nikamwita arudi, alikuwa ameangusha chaja yake hapo mlangoni.

Kuna asubuhi naamka nikitaka wote wawili waende. Nikifika saa nne nakumbuka hakuna mwingine anayeijua hiyo programu, na kesho ni mtu mwingine atafiwa. Nimewaza niwaketishe benchi moja hapa kwangu, warudishe kizuizi, na maelezo wayaandike wakinisomea: "Usitoe. Tangazo la kifo lingoje hadi wa nyumbani waambiwe ana kwa ana. Kuna mzee aliambiwa na simu, na mjane hakupewa nafasi ya kulia." Lakini shemeji ameniambia wazi, "Ukimwachilia hata mmoja, usikanyage kwangu tena." Na ndiye amebaki wa kwetu huku Nairobi.

Nishaurini, wakubwa kwa wadogo. Jumapili nikisimama mbele ya watu, niseme nini?

Na wewe Mama Chapati, najua unasoma huu ukurasa kuliko Biblia. Siku ile ulinishika bega ukasema utarudi siku nyingine nimalizie. Hujarudi, unapita ukiangalia chini. Mbuzi bado yuko madhabahuni. Njoo tu nimshushe, hata usipocheka.