Chai ambayo Halima Hakuonja

Jamani, habari zenu. Mnaoongea pale nyuma, nyamazeni kidogo. Hii maneno iko na jina moja ngumu, na hiyo jina nilikuja kuisoma mwenyewe uzeeni. Nataka muisikie vizuri.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Koboko, kule Uganda, wakati ya serikali ya wanajeshi. Kwetu ukimpa mutu kinywaji, unaonja wewe kwanza, aone hakuna sumu. Jirani yetu Halima, Mnubi, alikuwa rafiki ya mama. Siku moja ya Ramadhani alimpa mama chai, lakini yeye hakuonja. Alikuwa amefunga.

Asubuhi yake uso ya mama ilianguka upande ya kushoto. Jicho ilikataa kufunga, uji ikamwagika mdomoni.

Nyanya, mama ya baba, akamuuliza, "Nani alikupa kitu bila kuonja?"

Mama akasema Halima iko na saumu.

"Saumu ni mahali pa kujificha," nyanya akasema.

Akamnywesha dawa ya kutapika. Wiki zikapita, uso ikarudi, basi kila mutu akasema si mnaona, sumu imetoka. Sambusa ya Halima ikakosa wanunuzi. Kwenye bomba wanawake walimuuliza kama hata maji ameonja. Alivumilia, halafu akahamia kijiji ya Kuluba na binti yake.

Halima hayuko, na uso ya mama ikaanguka tena, sasa upande ya kulia.

"Mama," mama yangu akamwambia nyanya na mdomo iliyopinda, "leo nani amenipa chai?"

 Nyanya akasema sumu inatembea.

Hospitali kwanza walidhani ni kiharusi, halafu TB. Mwishowe daktari mmoja alikata kipande ya uvimbe iliyotokea kwenye shingo ya mama, ikapimwa. Sarkoidosi. Mwili inajivimbisha yenyewe ndani, inabana mishipa ya uso. Hakuna mutu anakutilia kwenye kikombe. Uzeeni, kwenye darasa ya watu wazima, nilisoma hiyo neno polepole mpaka mwisho, halafu nikarudia, mwalimu akacheka.

Nyanya hakuwa mbaya. Aliogopa kumpoteza mama, na mutu akiogopa namna hiyo anatafuta jirani, hatafuti ugonjwa. Mama alipona. Halima alikufa na jina mbaya, na mpaka leo kwenye harusi watu wanapita sahani ya binti yake bila kugusa.

Leo huyo binti amenialika kula. Acha niende. Jioni nitarudi hapa, na ninyi mnitazame uso vizuri, pande zote mbili.