Kujenga na Kujengesha

Katika mji mkuu ule hakuna kibao cha jiwe ambacho Fundi Patasi hakukitolea jasho. Lango la kale, stesheni, bunge la zamani, kote ni mkono wake. Miaka thelathini anachonga historia ya watu wengine, na hakuna siku aliyoulizwa yeye anaionaje. Fundi ni mkono, bwana. Mdomo wa nini?

Ila mnara wa saa ulikuwa na lake. Baba yake alikuwa mwashi pale. Asubuhi alipanda jukwaani mzima, mchana akateremshwa maiti. Kibao kikaandikwa: MNARA HUU ALIUJENGA GAVANA. Mjane wa mwashi huyo, mama yake Patasi, ambaye shule hakuiona hata dirishani, aliposomewa maneno yale alicheka kwa uchungu.

"Aliujenga? Gavana alishika mwiko lini? Aliujengesha! Aliyeujenga nilimzika mimi."

Basi kibao kile kilipopasuka, Patasi akapewa kazi ya kuchonga kipya. Mama yake, macho yamekwisha kuingia ukungu, akamshika mkono. "Mwanangu, tangu ukue sijakuomba kitu. Niongezee hiyo 'esha' tu. Nife nimeigusa."

Patasi akaenda kwa mkurugenzi wa majengo ya kale, akaeleza huku akijikunakuna. Mkurugenzi hata macho hakuinua.

"Fundi, umeanza lini kutunga historia? Chonga ulivyoandikiwa. Ukishindwa, mashine ipo, na mashine haina mama."

Akatoka amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema. Kwa Patasi hata hicho kicheko hakikwenda. Alichonga ALIUJENG, akasita. Jiwe lilikuwa na nafasi tele, herufi nne zingeenea bila kubanana. Akapiga A moja tu, akaruka nafasi, akaanza kupiga GAVANA. Alijichukia, tena sana, lakini nyundo haikusimama.

Kibao kilipokwisha kubandikwa, mama akataka apelekwe. Wakasimama chini ya mnara, wapita njia na hamsini zao.

"Nisomee."

Patasi akakisogelea kibao. "Mnara huu aliujengesha Gavana."

"Alhamdulillahi!" Mama akashusha pumzi ndefu. "Sasa nishikishe hiyo 'esha' yangu."

Mtu mzima na mvi zake, Patasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema kweli hapo hapo. Badala yake akauchukua mkono wa mama yake, akaupeleka kwenye neno la mwisho, GAVANA.

Mama akazipapasa herufi zile moja moja, machozi yakimchuruzika, akarudia tena toka mwanzo.

"Umezichimba vizuri, mwanangu," akasema. "Leo baba yako ameandikwa."