Jezi ya Bundi

Belo lile lilifunguliwa Kawangware, kwenye meza ya anti yangu anayeuza mitumba. Alikuwa amelipia nguo za michezo akitarajia jezi za soka. Zilitoka jezi nzito za mikono mirefu, pana mabegani kama zimeshonewa watu waliobeba magunia ndani ya nguo. Zilikuwa na picha za shoka, farasi, mnara, samaki na bundi. Anti alikaa juu ya gunia tupu akaniuliza kama duniani kuna watu wa ukubwa huo. Sikujua. Baadaye tuliambiwa kwamba ni za hoki ya barafu, mchezo wa Kanada na Amerika, na kwamba wachezaji huvaa pedi nene chini ya jezi kwa sababu wanagongana.

Kawangware hazikupata wanunuzi. Waliozichukua ni watu wa bodaboda wa steji yetu huku Gatwekera, Kibera, kwa sababu ya baridi ya Julai. Ndugu yangu, anayenizidi miaka mitatu na anayeendesha boda hapo, alizileta kwenye gunia na kila mtu akachukua iliyokaribia ukubwa wake. Kisha wakaja kwangu mmoja mmoja nipunguze mikono. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha duka la nafaka, hatua chache kutoka stejini. Ushonaji nilifundishwa na anti nilipomaliza darasa la nane, na kazi yenyewe inanifaa kwa sababu haihitaji maneno mengi. Mteja anasema anachotaka, mimi nataja bei na siku.

Ushabiki ulianza kwa mzaha. Mwenye jezi ya shoka alitafuta picha hiyo kwenye simu, akakuta timu ipo na inacheza. Mwenye farasi naye akatafuta. Kufikia mwaka uliofuata, steji nzima ilikuwa na timu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga barafu. Mechi huchezwa usiku wa huko, ambao kwetu ni alfajiri au asubuhi. Kwa hiyo watu wakifika stejini saa kumi na mbili, jambo la kwanza ni kuuliza nani ana bando la intaneti.

Walijifunza mchezo kwa kuutazama kwenye simu moja. Kile kisahani cheusi kinachopigwa kwa magongo walikiita kifuniko. Kilichowafurahisha zaidi ni kwamba mchezaji akifanya makosa anatolewa nje na kukalishwa peke yake dakika mbili, na kosa kubwa ni dakika tano, huku timu yake ikicheza ikiwa imepungua. Stejini wakaweka kreti ya mkate karibu na mtaro. Mtu akimrukia mwenzake foleni ya wateja, anakaa kwenye kreti dakika mbili, na mteja akija wakati huo si wake.

Sheria nyingine aliiweka mwenyekiti wa steji, mzee Mnubi aliyezaliwa Kibera, na baba yake vilevile. Alisema watu wakibadilisha timu kila wiki, kubishana kutakosa maana. Jezi uliyopata ndiyo timu yako mpaka ichanike. Ikichanika, uko huru kuchagua nyingine kwenye gunia la anti. Na asubuhi ya mechi, asiyevaa haongei.

Ndugu yangu alipata bundi.

Msimu huu ulipoanza mwezi wa kumi, alisema mbele ya watu wote kwamba Bundi watachukua kombe. Walishinda mechi mbili za kwanza. Kufikia Januari walikuwa mkiani, na asubuhi za stejini nilizisikia zote nikiwa nimeinama kwenye cherehani.

"Bundi walipigwa ngapi?" aliuliza mwenye jezi ya Mnara.

"Sita," alijibu mwenye Shoka, ambaye timu yake iliongoza ligi na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya mtaro.

"Sita kwa ngapi?"

"Sita kwa huruma."

"Kipa ni mgonjwa," alisema ndugu yangu. "Huyu ni wa akiba."

"Buda, mechi zao ni usiku. Kama bundi hashindi usiku, atashinda saa ngapi?"

Hata wateja walicheka. Lakini kuna mama mmoja anayeuza mboga, ambaye ndugu yangu alikuwa akimpeleka sokoni kila asubuhi, na yeye hakuwa anacheka. Kwao bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Siku moja aliiangalia ile jezi, akashusha kikapu chake kutoka kwenye pikipiki ya ndugu yangu na kukipeleka kwa mwenye Farasi.

"Si ubaya, kijana wangu," alisema. "Ila nikianguka nikiwa nyuma ya bundi, nyumbani watauliza nilikuwa natafuta nini."

Hakurudi tena kwake.

Alhamisi moja jioni, ndugu yangu alikuja nyumbani kwetu Soweto West akiwa na jezi mkononi.

"Imeshikwa na waya," alisema. "Imechanika."

Niliipokea. Mpasuko ulikuwa chini ya kwapa, urefu wa shibiri moja. Kitambaa cha jezi hizi kina vitundu vidogo na kinavutika. Kikichanika, vitundu vinarefuka na nyuzi zinaning'inia kama ndevu. Huu ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Kila kitundu kilikuwa kimegawanyika mara mbili. Nilimrudishia.

Kesho yake alivua koti na jezi stejini, akaonyesha mpasuko, na kutangaza kwamba yuko huru.

"Nachukua Shoka," alisema. "Anti ana moja imebaki."

"Waya gani hupasua kwapa na kuacha mkono mzima?" aliuliza mwenye Shoka. "Ulikuwa unaukumbatia?"

Maneno yakawa mengi. Mwenyekiti akainua mkono.

"Fundi yuko hapo," alisema. "Tumuulize fundi."

Wote walinigeukia, kama watu kumi na watano. Nilisimamisha gurudumu la cherehani. Kabla sijainuka, ndugu yangu alisema, bila kunitazama, "Labda ni mkasi wake. Alipopunguza mikono, ulipitia hapo. Imekuwa ikiachia pole pole. Kwa hiyo si kosa langu, ni la fundi."

Mwenye Mnara aliinua mkono wake, akachungulia kwapa la jezi yake. "Basi na hii itaachia?"

Mwingine, aliyekuwa ameniachia suruali mbili, aliangalia mfuko wa plastiki zilipokuwa. Hakuna jezi pale stejini ambayo haikuwa imepita chini ya sindano yangu. Nikinyamaza, nilijua nitakuwa fundi ambaye mkasi wake huteleza, na habari hiyo ingefika Kawangware kwa anti kabla ya chakula cha mchana, maana watu wa boda hubeba maneno pamoja na abiria. Nikisema, ndugu yangu ataitwa mwongo na watu anaofanya nao kazi kila siku.

"Binti yangu," alisema mwenyekiti, "ni kweli?"

"Si kweli," nilisema.

"Ongeza sauti," alisema mwenye Shoka.

Sauti haikuongezeka. Nilichukua jezi nikamwonyesha mwenyekiti mshono wangu kwenye ncha ya mkono, ambao ulikuwa mzima. Mpasuko ulikuwa pembeni, mahali ambapo mkasi wangu haukuwa na kazi. Kisha niliinama nikatoa vipande vya mikono niliyowahi kupunguza, ambavyo huwa naviweka kwenye kikapu chini ya cherehani. Kimoja nilimpa mwenye Shoka.

"Chana."

Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Kiliporaruka, ndevu zilining'inia pande zote mbili. Cha pili nilikikata kwa mkasi wangu, ambao ni wa zamani na huacha ngazi ndogondogo kwenye ukingo kila unapofunga meno. Cha tatu nilikikata kwa wembe ninaofumulia nyuzi. Nikavipanga vyote vitatu juu ya cherehani, na jezi ya Bundi kando yake. 

Mwenyekiti alivaa miwani. Akapitisha kidole kwenye kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu kwenye jezi. Akarudia cha tatu.

"Huo waya wa Soweto West," alisema, "una makali kama ya kinyozi."

Walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Ndugu yangu alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akaionyesha kreti kwa kidevu.

"Jezi ni dakika mbili. Kumsingizia fundi ni tano."

Alikaa. Wateja wawili walikuja wakachukuliwa na wengine. Mwenye Shoka alishika simu kuhesabu dakika, na zilipokwisha alisema tu, "Haya, bro," kwa sauti ya chini. Ndugu yangu akawasha pikipiki na kuondoka akiwa na fulana tu, jezi begani.

 Siku mbili tulikula ugali kutoka sufuria moja, kila mtu upande wake. Siku ya tatu aliiweka jezi juu ya cherehani yangu.

"Shona."

"Kwa uzi gani?"

"Wowote."

Uzi mweupe ulikuwa tayari kwenye sindano, na ungeonekana kutoka ng'ambo ya mtaro. Niliutoa nikatafuta wa bluu, rangi ya jezi, kwenye mkebe. Kwa ndani niliweka kiraka kutoka mkono wa jezi hiyohiyo, kipande nilichokuwa nimekata miaka ile, rangi ikiwa bado kali kuliko ya jezi yenyewe. Nikapitisha mshono mara mbili. Alisimama pale akitazama gurudumu likizunguka.

"Ningekuambia kabla," alisema.

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba nitakutaja."

"Ningekukataza."

"Ndiyo maana."

Nilikata uzi nikampa jezi.

Jumapili moja baada ya hapo Bundi walicheza na Shoka, kwenye ukumbi wa upande wa magharibi wa huko, kwa hiyo kwetu ilikuwa asubuhi yenye jua. Simu iliegemezwa kwenye tangi la pikipiki na watu wakaizunguka. Niliacha kazi nikasogea hadi ukingoni mwa kibaraza. Vipindi vyote vitatu viliisha wakiwa mbili kwa mbili, zikaongezwa dakika tano, anayefunga kwanza ameshinda.  Kifuniko kikapita katikati ya miguu ya kipa wa Shoka.

Ndugu yangu alirusha mikono yote miwili juu.

Hakuna aliyetazama marudio ya bao. Steji nzima ilitazama kwapa. Hata mwenyekiti alishusha miwani puani na kuinama kidogo.

"Imeshika," alisema.

Ndugu yangu akashusha mikono taratibu, akajiangalia pale ubavuni, kisha akanitazama. Mwenye Shoka akamkumbusha kwamba Bundi bado ni wa mwisho, na ilikuwa kweli.

Watu walipotawanyika, mwenye Mnara alikuja kibarazani akiwa amevua jezi yake.

"Haijachanika," alisema haraka. "Lakini nitilie ule mshono wa mara mbili, pande zote."

Nilimwambia aje Jumatano.