Mkalimani wa Mama Zaina

Shule niliiacha mapema, lakini Kiingereza nimekiokota bandarini na kwenye simu, na ninajisifu nacho kwa yeyote anayenisikiliza. Ndiyo maana Mama Zaina, mwenye nyumba wangu, alinichukua hadi Kiriri, mtaa wa matajiri, kumwombea mwanawe Hamisi, fundi wa gereji, kazi ya udereva kwa Mwingereza mmoja.

Mgeni huyo alinisikiliza, akatabasamu. "We might possibly consider him."

"Might" nililijua, ni neno legevu la huenda. Lakini "possibly" nililiona kama nguzo ya kulisimamisha, kama sisi tunavyoongeza "kabisa". Sikujua kwamba Mwingereza akipanga labda mbili pamoja, anakukatalia kwa adabu.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Amekubali kabisa, Mama."

Hamisi akaaga gereji. Ijumaa tukarudi na sinia la pilau ya shukrani, yeye kavaa kanzu mpya. Ndani ya geti, mwanamume mwenye funguo kiunoni alikuwa anafuta gari.

"Na huyu?"

"Labda ni wa kuosha tu, Mama."

Mgeni akatoka, akalitazama sinia, akaanza tena maneno yake marefu ya upole. Nikafungua mdomo nitafsiri.

"Apana, we nyamaza. Mi nitamuuliza mwenyewe." Mama akamshika Hamisi bega, akatoa Kiingereza chake chote: "Mutoto wangu, job, yes?"

Mgeni akainamisha macho. "No," akasema, na pale getini hakuna aliyehitaji mkalimani.