Gari la Kukodi Lililojengewa Banda

Kumepambazuka, na Mama Funguo analizunguka gari lake polepole, simu mkononi, akilitaja kiungo kwa kiungo kama daktari anayepita wodini.

"Bampa ya mbele nzima. Taa zote zinawaka. Hapa kwenye mlango wa dereva kuna mkwaruzo, uone vizuri, huo ni wa kwangu, usije ukajilaumu. Tairi zote nne ni mpya." Anainama, anatazama. "Hii ya nyuma kushoto si mpya. Lakini haina neno."

Video hiyo inakwenda kwa mtu aliye mbali sana, anayepanga mizigo kwenye ghala katika nchi ambako sasa hivi watu wanatembea na makoti. Kesho atapanda ndege kuja kuwaona wazazi wake. Majibu yanafika kabla Mama Funguo hajafungua bomba la maji.

"Dada, ile stika ya LINAKODISHWA kwenye kioo cha nyuma, inaweza kutoka?"

"Inatoka, kaka," anajibu, kisha anacheka peke yake. "Wote wanaanza na stika," anamwambia mwandishi.

Mama Funguo anakodisha magari mawili, moja dogo jeupe na jingine refu la familia, ambalo watoto wa mtaani wanaliita Jeneza. Karibu wateja wake wote ni watu wa hapa hapa wanaoishi nje ya nchi. Wanamtafuta kwa simu wakiwa huko huko, wanalipa nusu, wakishuka kwenye ndege wanamkuta getini na funguo. Anawaita wageni wa nyumbani.

Ni kazi iliyomfaa, hadi mwaka huu ilipomfikisha mahali pa kuchagua kati ya mteja wake mkubwa kuliko wote na mama mzazi wa mteja huyo.

Hakuanza kama mwenye magari. Alikuwa mfagizi katika ofisi ya kukodisha magari. Ofisi ilipofungwa, bosi hakuwa na mafao ya kumpa. Akampa gari lililokuwa limekaa nyuma ya jengo, giaboksi imekufa na kuku wanatagia siti ya nyuma.

"Mume wangu aliniuliza, umelipwa mshahara au umelipwa mayai," anakumbuka.

Gari lilikaa juu ya matofali karibu mwaka mzima. Siku lilipotembea, mteja wa kwanza alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa anarudi likizo baada ya miaka mingi. Kampuni kubwa zilimtaka kadi ya benki ambayo hakuwa nayo.

"Wifi, hilo gari lako linafika?" aliuliza kwenye simu.

"Linafika. Kurudi ndiyo tutajua."

Lilirudi. Wifi akawaambia wenzake huko anakoishi, na simu zikaanza kuingia.

Tangu hapo Mama Funguo amejifunza tabia za wageni wa nyumbani. Wapo waliozoea upande mwingine wa barabara, wakitaka kukata kona wanawasha waipa badala ya indiketa. Wapo wanaoomba wakabidhiwe usukani kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, ili waonekane wanaingia wakiendesha wenyewe. Na wapo wajomba wanaokuja kuomba gari la dakika kumi, likarudi kesho yake na majani ya ng'ombe ndani ya buti.

Wengine hawaendeshi kabisa. Wanamkodi yeye pamoja na gari, na wanamwomba asiseme ni la nani. Kwa hao alijiwekea kanuni. Akiulizwa gari la nani, anajibu, "Mimi ni dereva tu."

"Si uongo," anasema. "Mimi ni dereva. Hayo mengine hawajaniuliza vizuri."

Kipato chake hakijifichi. Katika kila siku kumi ambazo gari linatoka, anasema, tatu ni za fundi, moja ya bima, na mbili za mafuta ya kuzunguka. Zinazobaki ndizo zinazosomesha watoto wawili. Gari likilala wiki nzima, nyumbani wanajua bila kuambiwa.

Ndiyo maana mteja anayeleta wateja wengine hachezewi. Mteja huyo ni nesi, mwanamume wa makamo anayefanya kazi hospitali ya nje na hajarudi nyumbani kwa miaka kumi na moja. Kati ya kila wateja kumi wa Mama Funguo, saba wameelekezwa na yeye.

Mama yake nesi alianguka bafuni akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji alitakiwa kupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kufanyishwa mazoezi ya mguu. Nesi akakodi lile gari jeupe, Mama Funguo akiwa dereva, kwa miezi mitatu.

Siku ya kwanza gari lilipoingia uani, majirani walitoka. Mmoja akapiga vigelegele. "Mama, mwanao kakununulia gari." Mama akampigia mwanawe palepale kumshukuru, huku machozi yanamtoka. Nesi akanyamaza. Baadaye alimwambia Mama Funguo kwamba alishindwa kumkatiza mtu anayelia kwa furaha.

"Na mimi nikawa dereva tu," anasema Mama Funguo.

Wiki tano zikapita. Mama alikaa siti ya nyuma, fimbo yake kati ya magoti, akipunga mkono kwa kila anayemfahamu. Hakulalamika hata siku moja. Kila akishuka aliligonga gari kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemuaga mtoto.

Kisha ikaja ile Jumatano. Mama Funguo alifika kumchukua, akakuta mama ameketi uani juu ya kiti, mguu ameunyoosha mbele, anamwamrisha fundi mwashi. Ukuta wa mbele ulikuwa umeshapata tundu la kupita mtu, mwanzo wa mlango wa banda.

"Karibu, dereva. Ingiza gari tulipime."

"Tulipime nini, mama?"

"Upana. Fundi anasema futi tisa, mimi nasema kumi. Gari la mwanangu halitalala nje likinyeshewa, wala halitarudi kulala kwa watu."

"Milango ikifunguka inataka nafasi, dada," fundi alieleza, nyundo begani. "Mama haelewi mambo ya milango."

Jikoni kulikuwa na mabati yameegemezwa ukutani, mapya, bado yana vumbi la dukani. Yalikuwa ya chumba cha nyuma, anakolala binti wa mwisho wa mama pamoja na mwanawe mchanga. Chumba hicho kinavuja.

"Mama, yale mabati ni yetu," binti alisema taratibu, bila kumtazama mtu.

"Chumba hicho kinavuja tangu hujaolewa na kurudi. Kitangoje kidogo. Wewe unajua kutega beseni. Gari halijui."

Binti akaingia ndani. Mama Funguo akatoka hadi barabarani na kumpigia nesi, ambaye alikuwa kwenye mapumziko kazini.

"Kaka, mama anajenga banda."

"Banda la nini?"

"La gari."

"Gari gani?"

"Hili ninaloliendesha."

Nesi akasema alikuwa amepanga kumweleza atakapokuja.

"Unakuja lini?"

"Nikipata likizo."

"Fundi hana likizo, kaka. Yuko hapa na nyundo. Na mabati ya chumba cha dada yako ndiyo yanakwenda juu."

Nesi alipandisha sauti. Akamkumbusha kwamba yeye ni dereva, na dereva aendelee kutojua. Akamkumbusha pia ni nani aliyewaelekeza kwake watu wote wa mji anakoishi. Hakusema atawaondoa, lakini hakuhitaji kusema.

Mama Funguo anakiri kwamba hapo alianza kupiga hesabu. Jeneza lilikuwa kwa fundi wa magari. Ada za watoto zilikuwa zinakaribia. Ilikuwa rahisi kuingiza gari uani, kupimwa futi tisa au kumi, na kwenda hospitali. Miezi mitatu ikiisha angeondoka na gari lake, na banda lingebaki limejaa hewa.

"Nikamfikiria yule binti na mtoto wake," anasema. "Nikamwambia nesi, ukimwambia wewe, atakasirika jioni moja. Nikimwambia mimi, atajua kwamba ulinituma ninyamaze. Chagua."

Hakungoja jibu. Aliingia uani na simu ikiwa hewani, akamkabidhi mama. "Mwanao ana neno, mama." Kisha akaenda kusimama karibu na fundi, akamwomba aiweke nyundo chini kidogo.

"Kuna msiba?" fundi aliuliza.

"Hapana. Kuna simu."

Kutoka pale ukutani alisikia upande mmoja tu. Mama alisema "Ehe" mara nyingi. Kisha akasema, bila ukali, "Sasa miaka yote hii ulidhani nilikuwa nangoja gari?"

Aliporudisha simu ilikuwa ya moto. Alisimama kwa fimbo yake, akatembea mwenyewe hadi kwenye gari, na safari hii hakukaa nyuma. Alifungua mlango wa mbele.

Walikwenda hivyo hadi karibu na hospitali.

"Kwa hiyo ni lako," mama alisema hatimaye.

"Ni langu, mama. Nisamehe."

"Ile siti ya nyuma ina springi imetokeza. Imenichoma wiki tano, upande huu huu niliokatwa. Nilinyamaza nikidhani nitamvunja moyo mwanangu."

"Nitaitengeneza leo, mama."

"Na kona unazikata kama mtu anayekimbizwa. Na dirisha langu halishuki. Nilidhani ndivyo yalivyo magari ya nje." Alitazama mbele. "Sasa mimi ni mteja. Mteja haketi juu ya msumari."

Mama Funguo anasimulia hayo akifuta kioo, na anapofika hapo inabidi asimame kufuta kwanza macho. Anacheka, lakini si kucheka kutupu.

Mabati yalipandishwa kwenye chumba cha nyuma wiki hiyo hiyo. Mama alikuwa wa kwanza kuingia kukagua, akagonga paa kwa fimbo, akamwambia binti yake mabeseni sasa ayarudishe jikoni yafanye kazi yake.

Nesi, kwa upande wake, alinuna. Wiki mbili nzima hakumwandikia Mama Funguo, na kutoka mji ule haikuingia simu hata moja. Wawili waliokuwa wameshaweka nafasi waliahirisha bila kueleza sababu. Gari refu lilitengenezwa likakaa.

"Nilijiambia, umeona sasa, umejifungia mlango mwenyewe," anasema. "Mume wangu alikuwa ananiuliza kila jioni, simu imelia? Baadaye akaacha kuuliza. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi."

Kisha ukaja ujumbe mfupi. Nesi aliomba gari liongezwe mwezi mmoja, kwa sababu mama bado anachechemea. Chini yake aliandika kwamba mama amemkataza kumpa kazi dereva mwingine yeyote, na kwamba siku hizi, akimpigia mama, wanazungumza muda mrefu kuliko zamani. Kuhusu yaliyopita hakugusa. Mama Funguo naye hakugusa. Alijibu, "Sawa, kaka," akatuma na video ya siti mpya.

Wengine walirudi mmoja mmoja, si wote. Siku hizi simu ikiingia anaweka mambo wazi mapema. Stika anatoa. Usukani anaukabidhi kwenye kona yoyote unayotaka. Majirani na wajomba atawaambia yeye ni dereva tu. Lakini mzazi wa nyumba akimuuliza gari la nani, atamjibu.

"Wapo wanaokata simu hapo hapo," anasema. "Wapo wanaocheka wakasema, dada, basi mwambie tu. Na wapo wanaosema watamweleza mama wenyewe kabla hawajapanda ndege. Hao ndio nawapenda."

Lile tundu la ukuta halikuzibwa. Kuliziba kungehitaji matofali, na mama alisema hatalipa mara mbili kwa ujinga mmoja. Badala yake, siku moja wakirudi hospitali, alimuuliza Mama Funguo magari yake yanalala wapi. Mama Funguo akamweleza kwamba anapanga sehemu kwenye yadi, mbali na nyumbani, na mlinzi wa huko analala kuliko magari yenyewe.

Mama akafikiri mwendo wa nyumba tatu nne. Kisha akataja kodi.

"Mama, hiyo ni kubwa kuliko ya yadi."

"Yadi ina bibi anayeamka usiku mara tano na fimbo mkononi?"

Wamekuwa wakivutana bei tangu siku hiyo, siti ya mbele na usukani, kwenda na kurudi. Walichokubaliana hadi sasa ni kwamba Mama Funguo atanunua mabati ya banda, na mabati hayo yatahesabiwa kama kodi ya miezi ya mwanzo. Jirani aliyepiga vigelegele alipouliza kama ni kweli gari si la mwanawe, mama alimjibu kwamba ni la mpangaji wake.

Mwezi ujao Mama Funguo anatarajia kuhama yadi. Anataka pia kuanza kutafuta wateja wa namna moja zaidi, watu walio nje wenye wazazi wanaohitaji kwenda hospitali kila wiki, si likizo tu. Mama ameshamtajia wagonjwa wenzake wawili wa mazoezi ya mguu ambao watoto wao wako mbali.

Uani, fundi amerudi na anachimba mashimo ya nguzo. Ameyapima kwa upana wa magari matatu. Mama Funguo alipoona, alimwambia mama kwamba yeye ana mawili.

"Najua," mama alisema. "Harakisha basi, mimi nataka kodi."