Mashine ya Boti Ziwa Duluti

Mali za mashirika ya umma zilipoanza kuuzwa, kaka yangu alinunua mnadani mashine kuukuu ya boti, ile ya kufunga nyuma na kuwasha kwa kuvuta kamba. Tuliijaribu nyumbani Tengeru ndani ya pipa la maji. Ilinguruma vizuri, nikaipenda.

Asubuhi moja ya Julai tuliifunga kwenye boti ya kuazima, tukaingia Ziwa Duluti. Ukungu ulikuwa mzito. Katikati ya ziwa kaka aliizima ili tusikilize ndege, lakini mngurumo haukukoma. Uliendelea ndani ya ukungu, ukitusogelea polepole.

“Ni mwangwi,” nilisema.

“Mwangwi gani, na yetu imezimika?”

Tulipiga makasia hadi ukingoni. Mama mmoja alikuwa pale akikata majani ya ng’ombe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona mmemwacha mwenzenu?” aliuliza, akitazama ziwani.

Kaka hakupanda boti tena. Mimi niliitumia mashine ile kwa miaka mingi, hapohapo Duluti, ila sikuwahi kuizima kabla ya kugusa nchi kavu.